Tangazo Langu la Mpaka

Sikusudii kujitetea. Mimi ni afisa ardhi, na tangu tupewe vishikwambi vya kupimia mashamba nimekuwa nikijisikia sana. Mwezi uliopita nilikwenda Ulyankulu, kwenye kijiji cha wakulima ambao wazazi wao walikimbia vita Burundi, kuwaandalia hati za mashamba yao. Nikapita na bodaboda na kipaza sauti, nikitangaza kwa ufupi kama mtaalamu: "Kesho asubuhi kila familia iwe mpakani. Serikali inataka kulimaliza suala hili."

Asubuhi mashambani hapakuwa na mtu. Niliwakuta wote uwanja wa kanisa, wamefunga magodoro, sufuria na kuku, wengine wakisali rozari. Mimi nilijua wamekuja kusherehekea hati.

"Hongereni kwa kujiandaa mapema," nikawaambia. "Vijiji vingine vinatusumbua."

Mama mmoja akaanza kulia. Nikadhani ni furaha.

Nikamwamkia bibi aliyeketi juu ya godoro lake. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Gari letu liko wapi?"

"Gari la kwenda wapi?"

"Mpakani. Si mnaturudisha Burundi?"

"Bibi, ni mpaka wa shamba. Wewe na jirani yako."

Akaniangalia, kisha akawageukia wenzake na kuwaeleza kwa Kirundi. Halafu mzee mmoja, ambaye jana yake aliuza mbuzi wake wote kwa bei ya kutupa, akanisogelea na kuniuliza taratibu nilisomea chuo gani.