Raizoni Ghorofani

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, katikati ya miaka ya sabini, nilikuwa naringa na sikuona sababu ya kuficha. Tulikuwa tumepanga ghorofani, Mbeya mjini, mtaa wa Uhindini, juu ya duka la vitambaa. Makarani wenzangu wa ofisini, waliovaa sketi nzuri kuliko zangu, walikuwa bado wanapanga foleni chooni na wapangaji wengine sita. Mimi nilikuwa na choo cha kuvuta mnyororo, tena nilivuta mara mbili hata pasipohitajika. Tulikuwa na bafu la kulala, roshani ya kutazamia watu wanaokwenda sinema, na sakafu ya mbao iliyopigwa nta mpaka ukiinama unaona meno yako. Ofisini wakaanza kuniita mtu wa juu, nami nikaitika.

Mbao zile zilikuwa na sauti, na mimi nilikuwa na raizoni, viatu vyekundu vya soli nene kama tofali. Nikitoka chumbani kwenda jikoni, ko, ko, ko, mwenye duka kule chini alijua naenda kupika. Aliniambia mwenyewe, kwa upole, kwamba siku hizi hahitaji saa.

Mume wangu alikuwa mtu wa Tukuyu, kifungua mimba wa kwao. Mimi nimezaliwa Iringa, ambako heshima ya mkwe tunaijua, lakini ya kwao ni ya kukimbiana. Mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, hakai naye chumba kimoja, na wakielekea kukutana njiani mwanamke huingia porini, hata kama pori lenyewe ni shamba la chai lenye umande. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa na hakuona kama hayo yanagombana na kanisa. Siku ya harusi alinipa mgongo kwa adabu kabisa.

Kijijini jambo hilo halina taabu, maana nyumba ina mlango wa mbele na wa nyuma. Ghorofa letu lilikuwa na ngazi moja, mlango mmoja na korido moja nyembamba: sebule mwanzoni, kisha chumba chetu, na mwishoni jikoni na bafu lenye choo vikitazamana. Kwa hiyo ilipokuja barua kwamba mzee anakuja kuona mwanawe anaishi wapi, mume wangu aliisoma mara mbili, akakaa. Akasema kama mzee ataona nyumba hii haimfai mtu mwenye mkwe, tutahama. Alisema bila ukali, lakini nilimjua; kwa baba yake hakuwa na neno la pili. Nikajiona nimerudi kwenye foleni ya choo, na moyo ukaniuma kweli.

Tukajipanga kama jeshi. Mzee angekaa sebuleni, mimi jikoni, na mume wangu angebeba chakula. Anayetaka kupita koridoni angekohoa kwanza ili mwenzake ajifiche. Na mimi ningevua raizoni. Hilo lilikuwa wazo la mume wangu, aliyedai kwamba mkwe anayetembea kwa kishindo namna ile ataonekana hana adabu. Nikazisukuma chini ya kitanda, nikabaki peku kwenye baridi ya mwezi wa sita.

Jambo moja hatukulifikiria. Mzee alitoka Tukuyu juu ya lori, yeye na mkungu wake wa ndizi, na vumbi lote la njiani lilikuwa limemkaa kifuani. Alikohoa alipofika mlangoni, nikakimbilia nyuma ya mlango wa jikoni. Alikohoa alipokaa, nikakimbilia tena. Alikohoa akisifu kiti, akiuliza habari za kazi, na hata kwa ajili ya kukohoa tu. Nikaanza kuzoeana na ufagio uliokuwa nyuma ya mlango ule. Mwisho nikachoka, nikajiambia kikohozi hiki ni kikohozi tu.

Mume wangu akashuka kununua soda. Mzee akakohoa, nami, jeuri, nikatoka jikoni kwenda kuchukua kitambaa chumbani. Safari hii alikuwa amekohoa kwa maana. Alikuwa katikati ya korido akitafuta choo. Niliona masharubu meupe na macho mawili yaliyoshtuka kama yangu. Nikaruka bafuni, yeye akaruka jikoni, milango ikafungwa kwa pamoja. Aliyetaka choo akapata jikoni, na mwenye wali jikoni akapata choo.

Wali wenyewe ulikuwa wa mchele wa Rujewa, niliouhifadhi kwa ajili yake. Punde nikasikia harufu. Kumsemesha siwezi, kuacha wali uungue siwezi. Nikaligeukia bomba la maji.

“Wewe bomba,” nikasema kwa sauti, “wali wa wageni unaungua.”

Nikasikia mfuniko ukifunuliwa.

“Wewe sufuria,” mzee akasema, “jiko lenyewe halina kuni. Nitoe nini?”

“Bomba, ni jiko la umeme, kuna kitufe cheusi pembeni. Kinazungushwa kushoto.”

“Sufuria, tumepona.” Akakohoa kidogo. “Lakini huyu mwenye nyumba, mbona anatembea hasikiki?”

“Bomba, nilikuwa na viatu vyenye kelele. Nimeambiwa nivivue.”

Nikasikia akifunika sufuria, nikajua ghorofa limekwenda. Kisha akasema, “Sufuria, mimi nimegeukia ukuta. Akavivae, nimsikie.”

Nikapita mbio, nikazivuta raizoni chini ya kitanda, nikazivaa. Nikapiga hatua tatu chumbani, ko, ko, ko, nikafunga mlango. Hapo ndipo mlango wa jikoni ulipofunguka. Mume wangu alirudi na chupa zake akasikia baba yake akivuta mnyororo wa choo mara mbili.

Wakati wa kula, mzee alimwambia mwanawe kwa sauti iliyopandishwa ili ifike jikoni.

“Nyumba hii haina ubaya. Kwetu chini ni udongo, mkwe anakutokea kama paka. Hapa namsikia alipo. Usimvue viatu tena.”

Niliuma kanga nisicheke, nikacheka hivyo hivyo.

Baada ya hapo alikuja mara nyingi, na hatukuonana tena uso kwa uso. Yeye alikohoa, mimi nilipiga ko, ko, ko, na tukaishi vizuri kuliko wengi wanaotazamana. Mwaka uliofuata alikuja siku ambayo nilikuwa na kizunguzungu cha mimba changa, ya kwanza. Sikuwa nimemwambia mtu, hata mume wangu, kwa kuogopa kutaja jambo kabla halijashika. Niliogopa pia kuanguka, nikawa natembea peku, polepole, nikishika ukuta. Chai ilikuwa bado jikoni. Kule sebuleni mazungumzo yakakatika. Kisha nikasikia mzee akisema na kikombe chake kitupu.

“Wewe kikombe,” alisema, “viatu havisikiki. Mwambie huyo wa jikoni akae chini. Leo chai atapika mume wake.”

Nikakaa palepale sakafuni, nikalia kwa furaha, kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyejua.