Akiba ya Pumzi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na nasema mapema kwamba nampenda, asije mtu akadhani namsengenya. Ni mbishi. Akishika lake, hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Kwa hiyo alipojiandikisha darasa la kurekodi muziki, akiwa na miaka hamsini na minne, hakuna aliyejaribu kumzuia.

Sababu alikuwa mama yake, yaani bibi yangu. Daktari alikuta kinyama kooni mwake, akasema kitolewe baada ya wiki tano. Uzima aliuahidi, sauti hakuiahidi. Na bibi alikuwa na wimbo wake wa kubembelezea watoto, aliutunga mwenyewe, beti sita. Ametulaza nao sisi sote, watoto na wajukuu, na ndiyo maana hakuna aliyejua unaishaje: ubeti wa nne ulikuwa haujawahi kumkuta mtoto yuko macho.

Nilimshauri shangazi tumrekodi bibi kwa simu. Alishajaribu, akaniambia, na mama yake alisikika kama amefungiwa kwenye debe.

Mwalimu alikuwa mwimbaji wa harusi aliyestaafu, mpole, mwenye kitambi na sauti nzito iliyompa jina la Besi. Alimfundisha kuweka maikrofoni shubiri moja kutoka mdomoni, na kuchunga taa kwenye kompyuta isiwe nyekundu, maana sauti ikishapasuka haishoneki. Alimfundisha pia kwamba neno linaloanza na p au b hutoa upepo unaopiga maikrofoni kama kofi. Kesho yake shangazi alimpelekea fremu ya kutarizi aliyoivika soksi ndefu ya nailoni, akaisimamisha mbele ya maikrofoni. Upepo ukaishia kwenye soksi. Besi anayo mpaka leo na hataki kuirudisha.

Chumba cha darasa kilikuwa na mwangwi, hivyo bibi alirekodiwa karakanani kwa shangazi, alasiri moja, cherehani zimezimwa, ameketi kwenye kigoda katikati ya magauni ya wateja. Nguo humeza mwangwi. Bibi aliimba taratibu, akivuta pumzi kila mstari. Baada ya ubeti wa tatu alinyamaza ghafla, akamuuliza mwanawe kama amekula. Shangazi akamwashiria aendelee. Bibi hakuendelea mpaka alipomwona ameitikia kwa kichwa kwamba amekula. Ndipo tukasikia mwisho wa wimbo wetu. Ubeti wa sita haumtaji mtoto hata kidogo. Ni mama naye anajiombea usingizi. Sikuthubutu kumtazama shangazi.

Kilichomponza ni mkasi. Besi alikuwa amemwonyesha jinsi ya kukata sauti kwenye kompyuta: unatia alama hapa na pale, unaondoa kilichopo katikati. Sasa mpe fundi cherehani mkasi mpya uone. Kwake kila pumzi ilikuwa uzi unaoning'inia. Alizikata zote, na lile swali pia, akaunganisha maneno bila hata mshono kuonekana. Besi alimwomba aache pumzi mbili tatu. Shangazi akamjibu kwamba yeye hajawahi kumkabidhi mteja nguo yenye nyuzi.

Bibi akapasuliwa. Alirudi nyumbani salama, tukamshukuru Mungu, ila akifungua mdomo ilitoka hewa tupu. Wiki zikapita, ikawa hivyo hivyo.

Shangazi alimketisha karakanani, akamvika hedifoni, akasimama kando akijisugua mikono. Bibi alisikiliza ubeti wa kwanza. Kwenye wa pili akazivua. Akachukua chaki ya kuchorea nguo, akaandika juu ya meza ya kukatia: Huyu hapumui.

Shangazi alisoma, akakaa chini, akalia. Sauti aliyotaka kuiokoa alikuwa ameiua kwa mikono yake, na bibi mwenyewe hakuwa nayo tena ya kurudia.

Nilimwita Besi. Alifika akihema, akauliza kama rekodi ya kwanza ingalipo. Haikuwepo. Kompyuta ilikuwa kuukuu, ikijaa haraka, na Besi mwenyewe ndiye aliyefundisha kwamba kazi ikiisha ya zamani ifutwe. Sijawahi kuona mtu mnene akinywea namna ile.

"Lakini vipande ninavyo," shangazi akasema, akipangusa pua. "Vyote."

Miaka thelathini hajatupa kipande cha kitambaa. Akiba haiozi, huwa anasema, na mifuko ya mabaki imejaa mpaka darini. Kumbe na pumzi za mama yake alikuwa amezihifadhi, moja moja, kwenye faili aliloliita Viraka. Kila pumzi aliipa namba ya mahali ilipotoka, kama anavyoandika namba kwenye mikono ya mashati isije ikachanganyika. Zilikuwa sitini na moja.

Alizirudisha zote kwa siku mbili, na lile swali pia mahali pake. Besi alikaa pembeni akitazama, safari hii yeye ndiye mwanafunzi. Bibi alipovikwa tena hedifoni, alisikiliza hadi mwisho huku kifua chake kikipanda na kushuka pamoja na wimbo. Kisha akafuta maandishi ya chaki kwa kiganja.

Siku hizi kigoda chake kiko karibu na kompyuta. Anajua kitufe kimoja tu, na Besi mwenyewe ndiye aliyekitega kianzie baada ya ubeti wa tatu, penye lile swali. Juzi nilikuwepo. Shangazi alikuwa amezama kwenye gauni la mteja, saa nane imeshapita, bibi akanyoosha kidole, akabonyeza.

"Mwanangu, umekula?" sauti yake ikauliza kutoka kwenye spika, nzima, na pumzi yake mbele.

"Nimekula, mama," shangazi akajibu bila kuinua kichwa.

Alikuwa hajatia kitu kinywani tangu asubuhi. Bibi akamtazama, akabonyeza tena.