Kazi Yangu Ilikuwa Kuomba Mabinti na Kuwarudisha

Siku ya kwanza kazini nilivaa raba. Nilikuwa nimeziazima kwa mwanangu Shabani, zinanibana vidole, kwa sababu nilidhani mtu akiajiriwa na timu ya taifa ya mpira wa miguu lazima afike akiwa tayari kukimbia. Katibu wa kamati ya mpira wa wanawake, bwana mmoja mpole mwenye tai fupi, alizitazama zile raba, akanitazama usoni, akaniambia niketi.

"Mama Shabani, we unajua mpira?"

"Mi sijui, Katibu. Najua wasichana."

"Bon. Njo ile tunatafuta."

Nilikuwa nimetoka kufanya kazi miaka mingi katika bweni la shule ya wasichana, yule mama anayezima taa na kujua nani analia kweli na nani anajiliza tu ili akose mtihani. Katibu akanipa cheo kipya: encadreuse. Sisi kwa Kiswahili chetu tulisema mlezi wa timu. Nikamuuliza mlezi anafanya nini. Akanieleza kwamba Kocha alikuwa na majina ya wachezaji hodari wa Bujumbura nzima, lakini uwanjani walikuwa wanafika wachache mno. Wengine wazazi wao walikuwa wamekataa kuwatoa.

Ninyi vijana mnaowaona mabinti wetu wamesimama kwenye wimbo wa taifa, mkono kifuani, mnadhani waliamka tu asubuhi wakaenda. Haikuwa hivyo. Kwanza kulikuwa na uteuzi, yaani Kocha anazunguka viwanjani na kuchagua. Halafu kulikuwa na kile Wafaransa wanachokiita mise au vert, na sisi tukaita kambi: wachezaji wanakusanywa mahali pamoja kabla ya mechi, wanalala huko, wanakula huko. Hapo kwenye kulala huko ndipo baba mtu anapokunja uso. Binti yangu alale wapi? Na nani? Alindwe na nani? Yalikuwa maswali ya haki, na hakuna mtu aliyekuwa akienda kuyajibu.

Nyumba ya kwanza tuliyokwenda, mimi na Kocha, ilikuwa mtaa wa Carama, Jumapili. Katibu alituonya tusiende mikono mitupu, kwa hiyo tulibeba kreti ya fanta. Mimi nilivaa imvutano, ile nguo yetu ya heshima ya kufungwa begani. Kocha, mtu wa makamo mwenye mke na watoto, alivaa suti aliyofungia ndoa, vifungo vinalalamika. Tulitembea hivyo kutoka barabarani hadi kwa watu, kreti katikati yetu, na majirani wanatutazama. Tulipokaribishwa kuketi tayari mashangazi walikuwa wanapiga vigelegele nyuma ya nyumba, binti anavalishwa chumbani, na baba yake ametuma watu wamwite kaka yake haraka.

Yule baba alimtazama Kocha kwa muda mrefu.

"Samahani, Mama. Bwana harusi njo huyu? Mbona muzee hivi?"

Kocha alipaliwa na fanta mpaka machozi yakamtoka. Nikaona hapa ama niseme ama tufukuzwe. Nikasimama, nikaeleza yote: timu, kambi, mechi, chakula, mlango wa chumba na mimi mwenyewe nitakayelala mlangoni hapo. Vigelegele vikanyamaza. Baba mtu akafikiri.

"Kwa hiyo munamuomba, lakini mutamurudisha?"

"Tutamurudisha, baba."

"Basi iyi iko nyepesi kuliko ndoa!"

Wakacheka wote, hata binti aliyekuwa amenuna ndani kwa kudhani anaozwa. Tulirudi naye. Njiani Kocha aliapa kwamba suti ile haivai tena, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuona kitu. Yule baba hakutupa binti yake kwa sababu ya mpira. Alitupa kwa sababu tulifika kwake kama watu wenye adabu, tukaomba.

Tangu siku hiyo huo ukawa utaratibu wangu, na viongozi wote waliokuja baadaye waliukuta na kuufuata wapende wasipende. Tunakwenda wawili, mwanamume na mwanamke. Tunabeba kreti. Tunaketi, tunaulizana habari za afya na mashamba, halafu naomba. Na kambi ikiisha, namrudisha binti mimi mwenyewe, namshika mkono, na mkono ule nautia katika mkono wa yule aliyenipa. Si wa kaka, si wa jirani. Aliyetoa ndiye anayepokea. Wengine walinicheka, wakasema Mama Shabani amegeuza timu ya taifa kuwa ofisi ya posa. Sawa. Lakini milango ilifunguka, Bwiza, Kinama, Carama, mpaka kwa wafanyabiashara wa Kiarabu wenye maduka, ambao walinipa kahawa na tende kabla sijafungua mdomo.

Kutoka kikosi cha vijana, nilikoanzia, nilipandishwa hadi timu kubwa, chini ya Kocha wa pili, mwanamke mkali aliyekuwa hacheki kabla ya mechi wala baada yake. Huyo alinifundisha kazi nyingine zote za mlezi. Kuwapima wachezaji kwa macho asubuhi na kumwambia nani hakulala. Kujua nani yuko kwenye siku zake na kuliweka jambo hilo kati yetu wanawake. Na hereni. Mwamuzi haruhusu mchezaji kuingia uwanjani na pambo lolote mwilini, kwa hiyo kabla ya mechi wote walinivulia hereni, nami nikazifunga kwenye pindo za kitenge changu, kila mtu na fundo lake. Nilikaa benchi nikiwa na mafundo mbele na nyuma. Tukifungwa bao nilikuwa nayafinya yale mafundo mpaka vidole vinauma.

Nilizipenda siku zile. Nazikumbuka harufu ya dawa ya kuchua misuli ikichanganyika na mafuta ya nywele, wasichana wamekaa sakafuni wanasukana, mmoja anaimba Kirundi, mwingine anamjibu kwa Kiswahili, na Kocha anapita mlangoni akijifanya hasikii. Hatukuwa na vingi. Jezi zilikuwa kubwa, viatu vya kupeana. Lakini zikija asubuhi hizo akilini nachelewa hata kunywa chai yangu.

Sasa nifike kwa Goreth. Goreth alikuwa golikipa, anatoka Ruziba, binti wa Mzee Firmin aliyekuwa akianika na kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mkewe alikuwa amekufa, na huyo binti ndiye aliyebaki naye nyumbani. Nilimwomba mara mbili akanikatalia. Mara ya tatu alinipokea amesimama, mikono ina magamba ya samaki.

"We mama hauchoki?"

"Nachoka, Mzee. Lakini golikipa kama huyu hatuna."

"Sikiya. Nitakupa. Lakini sitaki telefone, sitaki kusikia eti yuko njiani. Nataka mukono yake mu mukono yangu. Na we mwenyewe njo utaleta."

"Nitaleta mimi mwenyewe."

Nilimleta, kambi ya kwanza, ya pili, zote zilizofuata. Kila mara mzee alikuwa anauchukua mkono wa mwanawe, anaugeuza, anavitazama vidole kama vimevunjika, halafu ananiambia urakoze, asante.

Ndipo tukasafiri nje kwa mashindano, nchi jirani, kwa basi. Goreth alicheza mpira ambao mimi nisiyejua mpira niliuelewa. Aliokoa penalti mbili. Siku ya kurudi, basi limekwisha kuwashwa, Kiongozi wa msafara akanivuta pembeni. Kiongozi wa msafara ndiye mkubwa wa timu ikiwa safarini, hata Kocha anamsikiliza. Pamoja naye alikuwa bwana wa klabu moja ya pale. Walimtaka Goreth abaki, asaini, aanze mazoezi kesho.

"Mama Shabani, mutoto amepata bahati," Kiongozi akasema. "Abakie. Baba yake tutamupigia."

"Mzee Firmin hataki simu."

"Alors? Tumukosese maisha juu ya telefone?"

Nilimwangalia Goreth. Amesimama na mkoba wake, macho yanang'aa, anataka kubaki. Sikuwahi kumwona anataka kitu namna ile. Na mimi nilikuwa na neno nililompa baba yake, na si yeye peke yake. Basi likirudi Bujumbura limepungua binti mmoja, habari ingefika Ruziba, Kinama na Carama kabla sisi hatujashuka. Kila baba aliyewahi kunipa mkono wa mwanawe angejiuliza wake atabaki nchi gani. Milango ile niliyoifungua kwa miaka ingefungwa, na timu ingebaki majina tu.

"Anarudi," nikasema. "Tunafika, namkabidhi, halafu namwomba upya kwa ajili yenu. Mtusubiri."

Bwana wa klabu akainua mabega. Kiongozi akaniita mwanamke wa zamani. Goreth akapanda basi akilia, akakaa kiti cha nyuma. Nilipompelekea hereni zake alikataa kuzipokea. Hakunisemesha njia nzima.

Ruziba tulifika asubuhi. Mzee Firmin aliuchukua mkono, akaugeuza, akavitazama vidole. Nikafungua fundo, nikampa mzee na hereni. Halafu badala ya kuaga nikaketi, nikamwambia nimerudisha nilichoazima, sasa nimekuja kuomba mara nyingine, na safari hii sitarudisha mimi. Atarudi mwenyewe akipenda. Nikamweleza klabu. Mzee akamtazama binti yake aliyekuwa amegeukia ukuta.

"Ungemuacha kule, ningesema umemuiba," akasema. "Lakini umemuleta. Basi mi namutoa. Aende."

Klabu haikusubiri. Walikuwa wamechukua golikipa mwingine. Niliipata habari hiyo kwa Katibu, na mimi ndiye niliyempelekea Goreth. Aliniambia, "Umeniua, Mama," akaingia ndani. Nililia nikiwa barabarani, na watu wananipita. Alikaa msimu mzima akicheza kwetu bila kunisalimia, hereni zake anampa mchezaji mwenzake amshikie. Baadaye alipata klabu nyingine, nchi nyingine, akaondoka kwa baraka ya baba yake, akadaka huko miaka. Watu huniuliza kama najuta. Ningefanya vilevile. Ila iliniuma, na bado inauma ninapoandika.

Nilistaafu magoti yalipoanza kunigomea kwenye ngazi za basi. Walinipa maua na hotuba ndefu. Sasa nakaa Bwiza na mjukuu wangu Aziza, mtoto wa Shabani, niliyemlea tangu hajaota meno. Akipiga mpira anatumia mguu wa kushoto. Nilijifanya sijaona.

Mwezi huu, Jumapili, niligongewa mlango. Nje alisimama Goreth amevaa imvutano, pembeni yake kijana mmoja kocha msaidizi, na katikati yao kreti ya fanta. Yeye ndiye Kocha wa timu ya wasichana sasa. Hatukuwa tumeonana tangu alipomzika baba yake. Masikioni alikuwa na hereni zile zile.

Aliketi. Akauliza habari za afya. Kisha akamwomba Aziza, kwa maneno yangu mwenyewe, moja baada ya jingine. Na mimi niliyezunguka mji huu wote nikiwatoa watu mabinti wao, nilifungua mdomo ikatoka "apana". Niliona vitanda vya kambi, niliona basi, niliona nyumba yangu bila Aziza. Nikasema magoti yananiuma, nani atanichotea maji. Nikasema mengi ya aibu. Aziza amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

Goreth hakubishana. Alishuka kwenye kiti akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, siku ile mu basi nilikuchukia sana. Lakini baba yangu mpaka anakufa alikuwa anasema, yule mama alinirudishia mutoto. Mi nitakurudishia wako. Haitakuwa telefone. Mi mwenyewe."

Alinyoosha mkono, vidole vimepinda kwa miaka ya kudaka. Nilimwita Aziza, nikaushika mkono wake, nikautia mle. Goreth akamvua hereni hapo hapo, akanipa mimi.

"Ufunge kama zamani."

Wako nje ya nchi tangu juma lililopita. Shabani ananiambia matokeo yapo kwenye simu, nisikilize. Sitaki. Kesho ndiyo wanarudi. Nimekwisha kutoa kiti mlangoni, na fundo liko kwenye pindo la kitenge. Tangu asubuhi nalifinya.