Binti wa Miavuli Kama Yaya Alivyotusimulia

Ukifika Butembo na kuuliza mahali pa kujaziwa filamu kwenye flash, watakuelekeza kwenye kibanda changu, kile chenye mlango wa bluu karibu na mashine ya kusaga unga wa muhogo. Nina kompyuta moja, kiti kimoja, na benchi la wateja ambalo siku nyingi linakaliwa na vijana wasiotaka chochote ila maneno. Wawili wao ni wanafunzi. Wanapitia hapa wakitoka shule, na ubishi wao ni uleule kila siku: katuni za Kijapani zikitengenezewa filamu, je, filamu inaishinda série iliyoizaa, ile ya vipindi vingi?

"Film inapita série mbali," husema yule mrefu. "Mu saa mbili mambo yote inaisha. Picha safi, muziki muzuri."

"Mais inakata-kata mambo, ndugu yangu," mwenzake humjibu. "Mutu anaingia, haujamujua hata, ashakufa."

Mimi hucheka na kuendelea na kazi yangu. Sasa mwezi uliopita yule mrefu alileta filamu mpya akaomba nimhifadhie kwenye kompyuta. Nilipoifungua kuona kama inafanya kazi, akatokea msichana mwenye nywele fupi, ameketi chini ya paa linalovuja, anashona mwavuli. Msichana yule namfahamu tangu nina miaka saba, na sikujua kuwa wamemtengenezea filamu.

Nilimjua nikiwa Beni, kwa bibi yetu, katika mtaa wa Bungulu. Butembo hapa ni baridi na ukungu, utavaa koti hadi saa nne. Beni ni joto, na nyumba ya bibi ilinuka vitu viwili: muhogo uliolowekwa na kakao iliyoanikwa kwenye turubai, ile harufu kali kidogo ya siki inayokufuata hadi kanisani. Nyuma ya ua aliishi jirani yetu, mtumishi wa serikali aliyetumwa kutoka upande wa Kinshasa. Watoto wake aliwaacha huko mbali. Nadhani ndiyo maana kila Jumamosi mchana aliwasha groupe yake, jenereta ya umeme, akatoa televisheni hadi barazani, akaita watoto wa mtaa kwa Lingala: "Bana, bokota!" Tukaingia na kazi zetu mikononi, maana bibi hakukubali mtu aende kuangalia picha mikono mitupu. Huyu alikwenda na maharagwe ya kuambua, yule na sombe, majani ya muhogo, ya kuchambua. Groupe ikinguruma, maganda yakianguka kwenye beseni, hivyo ndivyo tulivyoangalia.

Diski zilikuwa tisa. Sauti ilikuwa ya Kijapani, maandishi ya chini Kifaransa, na sisi wadogo hatukujua hiki wala kile. Mfasiri wetu alikuwa dada yangu mkubwa, yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu. Alikuwa na miaka kumi na minne, yuko sekondari, na Kifaransa chake kilikuwa kama maji. Alisoma kwa macho huku mikono ikiambua maharagwe, akatutolea kwa Kiswahili, na mambo ya kuchekesha akayasema kwa Kinande ili bibi acheke. Kila mtu wa kwenye picha alimpa sauti yake. Mzee mwenye duka la miavuli alimfanya aongee kama mzee wetu wa kanisa, yule anayesafisha koo kabla ya kutangaza sadaka, na baraza zima lilikuwa linavunjika mbavu.

Hadithi ilikuwa hivi. Katika mji ambao mvua haikatiki, msichana mmoja anatengeneza miavuli ya watu. Mama yake hayupo. Kwenye diski ya kwanza palikuwa na sehemu ndefu: watu wamevaa nguo nyeusi, wamepiga magoti, wanainamisha vichwa mbele ya picha ya mama yule, kuna maua na vijiti vinavyotoa moshi. Niliuliza wanafanya nini.

"Banamuaga," yaya alisema. "Mama yake anaenda safari. Anaenda ku mulima kutafuta bambu ya miavuli."

"Atarudia?"

"Atarudia wakati mvua itakatika."

Niliridhika kabisa, maana na mama yangu mwenyewe alikuwa safarini. Alikuwa amekwenda Kayna kutafuta maharagwe ya kuuza. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa siku niliporudi kutoka kwa shangazi, ambako nilikuwa nimepelekwa ghafla na kukaa wiki mbili. Kwetu mtoto mdogo haambiwi msiba. Anaambiwa fulani amesafiri, na mtaa mzima unalishika neno hilo, hata mama muuza makala ya kupikia. Nikiuliza, bibi alisema Kayna. Nikimwuliza mwalimu wa Jumapili, naye alisema Kayna, halafu akanipa mkate.

Sehemu aliyoipenda bibi ndiyo ambayo hakuna kinachotokea. Msichana anatengeneza mwavuli mmoja tu, wa mzee mmoja, mwanzo hadi mwisho. Anapima, anakata, anashona, anakunywa chai, mvua inanyesha. Watoto wengine walisinzia. Bibi aliacha hata sombe yake. "Uyu mutoto anajua kazi," alisema. "Mwenye kumulea alimulea muzuri." Niliona yaya ameinamia beseni lake, hatafsiri chochote. Siku hizo nilidhani amechoka.

Diski ya kumi haikuletwa kamwe. Jirani alihamishwa, akaondoka na televisheni yake na groupe yake, na baraza likabaki na kelele za kuku. Basi yaya akaendelea mwenyewe. Jioni tukimenya muhogo alitutolea vipindi vya kutunga, na mama wa yule msichana akawa anatuma salamu kutoka mlimani. Salamu zenyewe zilikuwa nzuri mno. Kula vizuri, jifunike, usiwachokoze wenzako. Mimi nilizipokea kama zangu.

Nilikuwa na miaka tisa nilipojua. Kanisani walikuwa wanagawa madaftari ya mayatima, na mhudumu mgeni, asiyejua makubaliano ya mtaa, akasoma jina langu. Nilitembea hadi mbele, nikapokea daftari, nikarudi kukaa. Nilipofika nyumbani nikamkuta yaya anakoroga bugali. Nikamwambia mbele ya bibi, "Weye ni mwongo. Weye na ile film yako." Aliendelea kukoroga, na machozi yakawa yanamdondoka kwenye moshi. Tangu siku hiyo sikumwomba tena kipindi hata kimoja, naye hakunitolea. Tuliongea ya kawaida, chumvi iko wapi, nani kachukua ndoo. Lile neno mwongo sikulitengua.

Miaka ikaenda. Yaya akaolewa upande wa Oicha, wakawa wanalima kakao karibu na msitu. Unajua vita yetu ilivyo, sina haja ya kukusimulia. Asubuhi moja ya mavuno alikwenda shambani na mume wake, hawakurudi wakiwa hai. Binti yao alikuwa amebaki kwa bibi ana homa, na homa ile ndiyo iliyomwokoa. Tulimzika yaya haraka, watu wachache, bila hata wimbo kumalizika. Bibi alimfuata kabla ya mwaka kuisha. Nikamchukua mtoto, nikahamia Butembo.

Na je, mtoto nilimwambia nini? Mimi, niliyemwita dada yangu mwongo? Nilimwambia mama na baba yake wako Kampala kwa biashara. Majirani wapya nao wakalishika neno hilo. Sasa ana miaka tisa, yuko mwaka wa nne, na kwa miaka mitatu sijapata siku ya kulirekebisha.

Ndiyo maana filamu ile ilinipa wazo. Nilijua mwanzoni mwake kuna mazishi. Nikasema moyoni, mtoto anajua kusoma Kifaransa, basi atasoma mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta, na hapo ndipo nitakapoanzia maneno yangu. Ulikuwa woga, nakubali. Alipotoka shule, mvua inanyesha, nikafunga mlango wa bluu nusu, nikampa avoka na chumvi, tukakaa kwenye kiti kimoja.

Yule kijana mrefu alisema kweli, picha ni nzuri ajabu. Kila tone la mvua unaliona. Lakini mazishi yale, ambayo kwenye série yalichukua kipindi karibu kizima, hapa ni nusu dakika. Nguo nyeusi, picha, maua, maandishi mstari mmoja.

"Unisomee," nikamwambia. "Macho inaniuma."

Aliyatazama maandishi. Midomo yake ilitembea bila sauti, kama mtu anayesoma kitu hadi mwisho. Kisha akanitazama mimi, akaona uso wangu, akaweka mkono wake kwenye goti langu.

"Banasema mama yake iko Kampala, mama mudogo," akasema. "Atarudia."

Nilisimamisha filamu. Sikuwahi kumhadithia chochote kuhusu yaya na diski tisa, wala mlima, wala bambu. Lilikuwa jambo lake mwenyewe, na sauti ilikuwa ileile ya yaya, ya chini, ya mtu anayekufunika blanketi akidhani umelala. Alikuwa anajua tangu lini, sijui. Alikuwa anautunza uongo wangu ili mimi nisiumie. Nikaelewa yaya alikuwa na umri gani siku zile, na kwamba mama aliyekufa alikuwa wake pia, na kwamba kila Jumamosi alisoma habari za msiba kwa macho na kutupa sisi safari kwa mdomo.

"Hapana," nikamwambia. "Soma vile iliandikwa."

Akasoma, polepole, kwa Kifaransa cha shuleni, halafu akarudia kwa Kiswahili bila mimi kumwomba. Tukalia hadi avoka ikawa nyeusi kwenye sahani. Nikamweleza yote, shamba, Oicha, na kwamba mama yake nilimwita mwongo na sikupata kumwomba msamaha.

Yule mrefu alipokuja kuchukua filamu yake aliniuliza, basi mama, ipi ni bora. Nikamwambia filamu ni nzuri kweli, na série ilikuwa nzuri kuizidi. Lakini ile niliyoiangalia Bungulu, ambayo mama anatuma salamu kutoka mlimani, hiyo ndiyo ninayoitaka, na hataipata kwenye flash yoyote, maana aliyekuwa akiisema tulimzika bila kumaliza wimbo.