Rangi Isiyomsumbua

Fundi wetu wa kompyuta hapa hospitalini ana vidole laini, na kila asubuhi kazi yake ya kwanza ni kubadili rangi za skrini anayoandikia amri: leo maandishi ya kijani juu ya weusi, kesho ya buluu. "Dada, hii haichoshi macho, au siyo?" huniuliza mimi karani. Nyekundu hataki hata kuiona, eti inampandisha presha. Basi makosa, ambayo kompyuta huyaandika kwa nyekundu, akayapa kijivu cha kufifia. Miezi mizima mashine ikamlilia kwa kijivu hicho kwamba nakala za mafaili ya wagonjwa hazihifadhiwi. Jana ikafa, mafaili yote yakaenda nayo. Tulisimama nyuma ya kiti chake. Akajikuna kidevu. "Labda ningeweka njano," akasema, akaanza kuchagua.