Ukurasa Uliochanwa Mwisho wa Mathayo

Magunia ya alizeti yakikaa chini ya bati la moto hutoa harufu fulani, nusu ya mafuta, nusu ya vumbi la shamba. Mimi naipata kila siku, maana kazi yangu ni kwenye mashine ya kukamua mafuta hapa Utemini. (Siku moja nitakuwa na mashine yangu mwenyewe, nimeshachagua na rangi ya kupaka ukuta. Tuyaache hayo.) Wenzangu wakiisikia harufu hiyo wanawaza chakula cha ng'ombe. Mimi namuwaza Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, na jambo baya nililolifanya nikiwa na miaka kumi na miwili, nikiamini kwa moyo wote kwamba namtetea Mungu.

Kanisa letu kule Unyambwa lilikuwa dogo, halikuwa na stoo. Wakati wa sadaka ya mavuno watu walileta alizeti, na magunia yakapangwa humo humo ndani, kando ya ukuta, mpaka siku ya mnada. Sisi wa darasa la kipaimara tulifundishwa Jumamosi mchana, na kwa kuwa mabenchi yalikuwa hayaishi kuazimwa misibani, tuliyakalia magunia. Tulitoboa vitundu kwa vidole, tukawa tunachomoa punje moja moja na kuzitafuna huku tumekaza macho mbele kama watakatifu.

Mwalimu wetu alikuwa Mwinjilisti Zakaria, mtu mrefu, mpole, anayefunga vifungo vya shati mpaka shingoni hata jua likiwaka vipi. Siku ya somo la Utatu alichukua punje ya alizeti akaiinua juu.

"Hii ni punje ngapi?"

"Mojaaa!"

"Ina ganda, ina kiini, na ndani ya kiini mna mafuta. Vitatu, lakini punje moja. Ndivyo alivyo Mungu wetu. Nafsi tatu, Mungu mmoja."

Sasa mimi ni mtoto wa mkulima wa alizeti. Nikanyoosha mkono. "Mwinjilisti, ganda si huwa tunalitupa? Na mafuta yakishatoka, punje si haipo tena?"

Darasa zima likacheka. Mwinjilisti aliitia ile punje kwenye mfuko wa shati, akasema, "Twende somo linalofuata."

Nisikufiche, hakuna kitu kinachomtia mtoto mashaka kama mtu mzima kusema twende somo linalofuata. Siku ile nilitoka nikiwa nimeshajua kwamba kuna kitu tunafichwa. Njiani Elisha, ambaye kaka yake alikuwa sekondari na kwa hiyo alijua kila kitu duniani, akamwaga petroli. "Neno Utatu lenyewe halimo kwenye Biblia. Kaka kasoma yote, hajaliona. Wewe kariri tu, usijifanye wakili."

Jumamosi iliyofuata nikamuuliza Mwinjilisti kama ni kweli. Hakunidanganya. Alisema neno halimo, jambo lenyewe limo. "Nenda kasome mwisho wa Mathayo," akaniambia, "halafu siku mchungaji atakapokuja kuwapima mbele ya kanisa, ukiulizwa imeandikwa wapi, utajibu bila woga."

Nikaenda nyumbani mbio. Biblia yetu ilikuwa nyeusi, imefungwa kwenye kitambaa cheupe, inakaa juu ya kabati. Mama aliipata alipokuwa anajifunza ili abatizwe. Baba aliisoma kila Jumapili jioni, Zaburi tu, kwa sababu alisema Zaburi zinamtosha. Nikafungua Mathayo. Yesu amezikwa, jiwe limewekwa, walinzi wamekaa. Nikafunua. Ghafla nimeshaingia Marko, nikamkuta Yesu yuko nyumbani kwa Simoni, anamponya mama mkwe wa Simoni homa! Nikarudi nyuma, nikafunua tena. Pale katikati palikuwa na ukingo mwembamba wa karatasi, umebaki kama jino lililovunjika. Mtu alikuwa amechana.

Fikiria mwenyewe. Neno halimo, na mahali nilipoambiwa nikasome hapapo. Nani angelala?

Nilianza kuwachunguza watu wa nyumbani mmoja mmoja. Baba nilimwondoa mapema, maana hakuwahi kufika Mathayo. Mama nilimuuliza jikoni, naye akaanza kukoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Ni kitabu cha siku nyingi hicho," alisema, "karatasi huchoka." Hakunitazama. Nikamwandika kichwani.

Akabaki Bibi.

Bibi Zena alimzaa mama yangu, na alikuwa Mwislamu. Alikuja kwetu Mama alipougua baada ya kumzaa mdogo wangu, akamuuguza, Mama akapona, Bibi akabaki. Hilo kwetu si jambo la kawaida. Mama mkwe haishi kwa mkwewe, anaishi kwa mwanawe wa kiume, na mjomba alikuwepo Mitundu, mzima, ana nyumba. Kwa hiyo Bibi aliishi kama mtu anayetembea juu ya mayai. Baba akiingia mbele, yeye anatokea nyuma. Alikula kando, alijifunika kichwa, na wakisemeshana ilikuwa kupitia kwetu watoto hata kama wako hatua tatu. Wazee wa ukoo wa Baba walikuwa wameshaanza kusema kwamba mambo haya yana mwisho.

Mimi nililala kitanda kimoja naye, na jioni nilikariri masomo yangu kwa sauti huku yeye akijiandaa kuswali. Jioni moja aliponisikia nikisema Nafsi tatu, alisimama. "Mjukuu wangu, Mungu wangu mimi ni mmoja, hana mshirika," akasema. Halafu akaongeza, "Lakini wewe kariri, usije ukachapwa."

Zamani ningecheka. Sasa niliona ushahidi. Nikakumbuka kisanduku chake cha bati chini ya kitanda, ambacho hatukuruhusiwa kukigusa. Ijumaa nikajibanza kwenye ufa wa mlango. Bibi alikaa mkekani, akafungua kisanduku, akatoa kipande cha kanga, na ndani ya kanga karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua. Karatasi nyembamba, maandishi madogo, safu mbili. Hakuwa anajua kusoma herufi zile, lakini aliitazama kwa muda mrefu midomo ikicheza, kisha akairudisha.

Kesho yake nikamsemea kwa Mwinjilisti. Nilisema hivi, na maneno haya bado yananichoma: "Nyumbani kwetu kuna mtu hampendi Mungu wetu. Ni Bibi. Amechana Utatu kwenye Biblia na ameuficha."

Mwinjilisti alishtuka. "Una hakika?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Jumanne nitakuja kumwona baba yako."

Niliondoka nikijiona shujaa, na ushujaa ulinitosha mpaka kwenye kona ya nyumbani. Pale nikawakuta wazee wawili wa ukoo wakiagana na Baba, na nikamsikia mmoja akisema, "Mitundu si mbali. Tafuta sababu nzuri tu, umsindikize kwa heshima." Sababu nzuri nilikuwa nimeshaipeleka kanisani mimi mwenyewe. Siku tatu zile nililala nimempa Bibi mgongo, na yeye kila mara alinivutia blanketi mabegani.

Jumanne saa kumi Mwinjilisti akafika. Alikaribishwa kiti, akapewa maji, akamwamkia Bibi aliyekuwa kizingitini, "Shikamoo, bibi." Kisha akaomba Biblia. Baba alifungua kitambaa mwenyewe, akafunua mpaka mwisho wa Mathayo, akauona ule ukingo. Sura ilimbadilika.

"Nani amechana Biblia ya nyumba hii?"

Mama alifungua mdomo, lakini Bibi alikuwa ameshanyanyuka. Tulisikia mlio wa kisanduku cha bati kikiburutwa. Akarudi, akakaa mkekani karibu na mlango, uso ameuelekeza nje kama mtu anayemheshimu mkwewe, akaweka ile karatasi mbele yake.

"Ninayo mimi. Sikuiba, nilipewa na mwanangu."

Mama akaanza kulia. Bibi aliendelea taratibu, akizungumza kuelekea uani.

"Huyu binti aliponiambia anabatizwa, nililia mpaka nikachoka. Halafu nikajiuliza, mtoto akishaamua, mama afanye nini? Nikamwambia, haya, unaingia kwa nani? Akanisomea hapa. Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Nikamwambia, nichanie hiyo. Watu wakija kuposa si unawauliza ukoo wao? Si unataka jina la baba mtu? Huwezi kumtoa mtoto kwa watu ambao hata majina yao huna. Basi kila Ijumaa naitoa. Namwambia Mungu wangu, mwanangu yuko kwa hawa, mwangalie."

Kuku aliingia, akatutazama, akatoka. Mwinjilisti Zakaria alifungua kifungo cha shingoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Mimi nilikuja kuuliza nani kachana," alisema. "Sasa sijui niulize nini."

Aliomba karatasi kwa mikono miwili. Upande mmoja ulikuwa Yesu mfufuka akiwatuma wanafunzi wake wakabatize kwa jina lile. Akaigeuza, na upande wa pili ulikuwa mwanzo wa Marko. Akanipa mimi. "Soma kwa sauti, bibi asikie." Nikasoma jinsi Yesu alivyoingia mtoni Yordani, na alipopanda kutoka majini mbingu zikapasuka, Roho akashuka juu yake mfano wa hua, na sauti kutoka mbinguni ikamwita Mwana mpendwa.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe siku hiyo walikuwepo wote?"

"Wote, bibi," alijibu Mwinjilisti.

"Vizuri. Mtoto akipelekwa kwenye jambo lake, wa nyumbani wawepo." Kisha akaongeza, "Lakini Mungu ni mmoja."

"Hata sisi tunasema ni mmoja."

"Mnasema, ndiyo. Halafu mnahesabu mpaka tatu."

Baba ndiye aliyecheka kwanza. Jamani, Baba kucheka mbele ya mama mkwe wake! Alijaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi, ikashindikana. Alipotulia aliitazama Biblia iliyokuwa wazi magotini mwake, pale ukurasa ulipokatikia, akasoma kimoyomoyo, kisha kwa mara ya kwanza akamsemesha Bibi moja kwa moja, macho yakiwa chini.

"Mama, naona hapa Simoni naye alikaa na mama mkwe wake, na Yesu aliingia humo humo. Mitundu utaenda kusalimia tu, halafu unarudi."

"Haya, baba," alijibu Bibi.

Siku ya kupimwa ilifika. Mchungaji aliuliza, nami nikataja Mathayo mwisho na Marko mwanzo, nikaeleza mtoni walikuwa nani na kila mmoja alifanya nini. Habari ya punje sikuitaja, na nilimwona Mwinjilisti akishusha pumzi. Sidai kwamba nilielewa. Mpaka leo nikiikazania hesabu ile inanishinda, na sioni aibu kusema hivyo. Lakini nilikuwa nimeacha kudhani kuna mtu anatuficha kitu.

Lililochelewa kunielea ni jingine. Kwa miaka nilijipongeza kwamba Bibi hakujua nani alimsemea. Nimekuja kukua, nimelala kitanda kimoja na watoto wa dada yangu, ndiyo nikajua kwamba mtoto mwenye hatia unaitambua hata pumzi yake. Bibi alijua tangu usiku wa kwanza. Alijua, akaendelea kuvuta blanketi.

Siku ya kipaimara hakuingia kanisani. Alikaa kwenye ngazi za nje pamoja na kina mama waliotoka kunyonyesha, amevaa kanga mpya, amejifunika vizuri. Nilipotoka na gauni langu jeupe alinishika mikono yote miwili, akanichunguza usoni kama anayetafuta jeraha.

"Wamekupokea?"

"Wamenipokea, Bibi."

"Vizuri. Wakikutesa huko, urudi nyumbani."

Nilicheka sana, nikakimbia kuwasimulia wenzangu. Nilidhani ni utani wa wazee. Ilibidi nimwone Mama akimuaga dada yangu mlangoni siku ya harusi yake, kwa maneno yale yale na macho yale yale, ndipo nikaelewa kwamba Bibi hakuwa anatania. Siku ile ya kipaimara alikuwa anamtoa mtoto wa pili kwa watu wale wale wa kwenye karatasi, na bado alikuwa na wasiwasi nao kidogo.