Siku Niliyohudhuria Matanga Yangu Turffontein

Jamani, nichekeni kwanza mmalize, maana hata mimi nikikumbuka natamani ardhi inimeze: mimi Sefu, muuza viatu vya mitumba Marshalltown, Joburg, niliwahi kuandaliwa pilau la msiba wangu mwenyewe.

Ilikuwa mwaka mmoja baada ya Kombe la Dunia kuchezwa huku Afrika Kusini. Mombasa nilimwacha mtalaka wangu na binti yetu Rukia wa miaka tisa, na mahakama ya huko iliamuru nitume pesa za matunzo kila mwezi, nami nikajisemea, amri ya Mombasa itavukaje mipaka yote ile mpaka Joburg (mimi mwenyewe nilivuka kwa taabu)? Kumbe imevuka. Asubuhi moja tarishi wa mahakama akabisha hodi chumbani kwangu Turffontein, karatasi mkononi, akauliza kama Sefu yupo, nami, hata mswaki sijapiga, nikamjibu, "Sefu alifariki jana."

"Eish, pole, bhuti," akasema, akiniita kaka kwa lugha yao, mpaka nikamhurumia.

Nikazima simu nikajiendea zangu Braamfontein kwa rafiki. Kumbe yule bwana anaijua kazi yake, alitaka cheti cha kifo, akaenda kukiulizia kwa jirani yangu Mama Zuwena wa Tanga (mwanamke huyu akilia, hata magari kwenye robot, zile taa za barabarani, husimama).

Narudi alasiri, nakuta mikeka uani, sufuria la pilau, ndoo ya michango ya kusafirisha maiti, na vijana wawili wametumwa mochari kunitafuta. Tarishi naye kaketi, sahani mapajani, anangoja cheti chake. Nikajibanza nyuma ya ukuta. Mzee mmoja akasimama, kama ilivyo ada yetu: "Anayemdai marehemu ajitokeze, deni lisimfuate kaburini."

Mama Zuwena akamtafsiria tarishi. Tarishi akaweka sahani chini, akainua karatasi yake. "Kuna mtoto anamdai," akasema. "Miezi kumi na minne."

Mama Zuwena akawatafsiria watu kwa sauti. Simu ya Mama Zuwena ilikuwa imefunguliwa sauti, wafiwa wa Mombasa wasikilize, na humo nikamsikia Rukia akilia: "Mwambieni baba nimemsamehe. Azikwe tu."

Aibu niliyoipata pale sina pa kuiweka. Miguu ikanitoa yenyewe. "Usinisamehe, mwanangu, nipo."

Mama Zuwena akaanguka, mtu akanichapa mwiko wa pilau, na tarishi, ambaye hakushtuka hata kidogo, akanipa kalamu. "Saini hapa, marehemu."

Tangu siku hiyo natuma kila mwezi, na nimeapa sifi tena mpaka siku yangu ifike. Na hata hiyo ikifika, Rukia ameshasema halii mpaka aone cheti.